Kompyuta Iliyotufunza Kuhakikisha



Nyumbani kwetu Masalani tuna kompyuta kuukuu ya mezani, ambamo tumehifadhi hesabu za madrasa na hotuba za Ijumaa. Mwezi wa Shaaban uliopita ilipatwa na maradhi mawili. La kwanza, kila asubuhi saa na tarehe zake zilikuwa zimerudi nyuma miaka kadhaa, hata siku moja programu ya adhana ikaadhini Alasiri saa nne za asubuhi. La pili, ilizimika ghafla kila ilipokaribia robo saa.

Sisi hatukuchunguza, kwani mtuhumiwa tulikuwa naye tayari: kijana wetu wa miaka 15, apendaye michezo ya kompyuta. Tulimkaripia mbele ya wageni, tukasema ameijaza michezo na kuichezea saa, kisha tukamkataza kuigusa. Alijibu, "Sikufanya, Baba," akanyamaza. Kwa siku 9 alikula nasi bila ya kuinua macho.

Usiku mmoja mama watoto akatuuliza kwa upole, "Mwalimu, haya umeyahakikisha au umeyadhani?"

Swali lile lilituchoma. Sisi ndio tunaowasomesha watu Suratul Hujurat, ambayo aya yake ya 6 inaamrisha kuhakikisha habari, na ya 12 inatutaka tujiepushe na dhana.

Asubuhi tukampigia simu rafiki yetu fundi aliyeko Mombasa. Alitunasihi tusinunue kitu wala kufungua kitu kabla ya kupima, na tubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Kwanza alituelekeza tuingie katika ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla ya Windows kuanza, ambamo hakuna mchezo ufanyao kazi. Tukakaa tukiutazama. Ukurasa huo huonyesha joto la ubongo wa mashine, nalo lilipanda hadi likapita digrii 90, kisha ikazimika vilevile. Tulipoiwasha papo hapo haikumaliza dakika 3. Tulipoiacha ipoe nusu saa, ikaishi tena robo saa yake. Basi ugonjwa ulikuwa joto, wala si michezo.

Kuhusu saa, fundi aliuliza, "Sheikh, usiku mnaizima wapi?" Tukajibu kuwa huizima ukutani ili kuokoa umeme. Akasema tuiache usiku mmoja bila ya kuzima soketi. Kulipokucha, saa ilikuwa sahihi. Maana yake, ile betri ndogo mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, ambayo huilinda saa wakati umeme haupo, ilikuwa imekufa.

Ndipo tulipochomoa waya, tukagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, tukafungua. Vumbi la Masalani, ambalo kila mama wa nyumba hapa analijua, lilikuwa limeshikamana kama blanketi baina ya feni na mapezi ya kupozea. Tulilitoa kwa brashi laini, huku tukiishika feni kwa kidole isizunguke.

Lakini lililotuinamisha kichwa ni jengine. Tundu za hewa nyuma ya kasha zilikuwa zimezibwa na kitambaa tulichokitandika sisi wenyewe kuzuia vumbi, nasi hatukuwa tukikiondoa mashine ikifanya kazi. Mkono uliozima soketi ulikuwa wetu, na mkono uliotandika kitambaa ulikuwa wetu.

Tulimwita kijana tukamwomba radhi. Kisha tukaona kwamba haitoshi, kwa kuwa tulimwaibisha hadharani. Tukawaalika wageni wale wale, na kabla ya chakula tukawaeleza kuwa tulimsingizia. Hatukupata kuliona jambo zito kama lile, wala jepesi kama usingizi wa usiku ule. Betri mpya aliitia yeye kwa mkono wake.

Akina baba na akina mama, kifaa kikiharibika nyumbani, mara nyingi mtoto au msichana wa kazi ndiye hutuhumiwa kwanza, kwa sababu hana wa kumtetea. Tupime kwanza. Betri ile tuliinunua kwa bei ndogo, lakini macho ya mtoto yaliyoinama hayana duka yanakouzwa.

Allah atujaalie kuwa waadilifu majumbani mwetu. Amin.