Meza ya Jioni

Nilikuwa kidato cha tatu wakati shule yetu, ambayo ni shule ya kanisa, ilipopata nafasi ya kupeleka wanafunzi kumi na walimu wawili Ujerumani, katika mji wa Leipzig. Usharikani kwetu jina la mji huo halikuwa geni. Wazee wa Kilimanjaro wanalijua tangu utotoni, maana wamisionari wa Leipzig ndio waliokuja kuanza kazi Machame mwaka 1893. Babu yangu aliposikia habari ile alicheka akasema, "Wao walituletea Injili. Sasa wewe nenda ukawaambie tunaitunza."

Nauli ya ndege ililipwa na shule rafiki ya kule. Pasipoti, viza na nguo za baridi zilikuwa juu yetu, na nyumbani fedha hizo hazikuwapo. Mchungaji akatangaza, na Jumapili iliyofuata baada ya ibada ukafanyika mnada nje ya kanisa. Watu walileta mayai, maparachichi na kuku. Mama mmoja mjane wa mtaa wetu alikuja na mkungu wa ndizi kichwani. Ulinunuliwa, aliyeununua akaurudisha, ukauzwa tena na tena, mara tatu. Fedha za mkungu ule ndizo zilizoninunulia koti zito la mtumba pale sokoni Memorial, Moshi. Kisha wazee wa kanisa wakaniwekea mikono, wakaniombea.

Tulifika Leipzig tarehe 7 Oktoba jioni. Kila mmoja wetu alichukuliwa na familia yake. Wenyeji wangu waliishi ghorofa ya nne: baba, mama na kijana wao wa rika langu. Bibi, mama mzaa mama, aliishi ghorofa ya chini, naye alipanda kila jioni kula pamoja nao. Nilipomwona tu nikasema "Shikamoo" bila kufikiri. Akanitazama, akatabasamu, akanipa mkono.

Mezani kulikuwa na mkate mweusi, jibini, nyama ya baridi iliyokatwa nyembamba na matango ya siki. Nikala kipande kimoja, nikaweka mikono magotini kusubiri chakula. Baada ya muda mrefu nikatambua kwamba hicho ndicho kilikuwa chakula. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna aliyeomba. Waliketi, wakatakiana mlo mwema, wakaanza. Kwetu hata mtoto wa miaka miwili anajua kufumba macho. Nikaomba moyoni haraka haraka, macho wazi, nisije nikaonekana.

Jioni ya pili yule kijana aliniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, "Ni kweli ninyi wote mnamwamini Mungu? Hapa kwetu hakuna anayekwenda kanisani. Wewe je?" Wote wakanigeukia, nao hawakuwa na dhihaka. Nikajibu, "Ni utaratibu wa shule tu. Mimi binafsi si sana."

Akaitikia kwa kichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Usiku ule sikulala. Koti langu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na kila nilipofumbua macho nililiona. Nilimwona yule mama na mkungu wake. Niliona mikono ya wazee. Nikamkumbuka Petro kwenye ua wa kuhani mkuu, akiota moto. Nilipokuwa shule ya Jumapili nilimdharau sana Petro. Nilijiambia kwamba mimi ningesimama imara hata mbele ya upanga. Sikuwahi kutilia maanani kwamba aliyemwangusha hakuwa askari, bali mjakazi aliyeuliza swali. Mimi niliangushwa na kijana aliyekuwa akinipitishia siagi.

Siku ya tatu ilikuwa tarehe 9 Oktoba. Mchana walitutembeza kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako Johann Sebastian Bach aliongoza muziki tangu mwaka 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, na ambako kaburi lake lipo. Kisha tukaingia kanisa la Mtakatifu Nikolai. Jioni mji wote ulitoka na mishumaa, ikapangwa uwanjani ikawaka kwa umbo la namba 89. Bibi alikuja nasi, naye ana mshumaa wake. Nikamwomba yule kijana amwulize ni ya nini. Bibi akaeleza polepole, mjukuu akitafsiri.

Alisema kwamba nchi ile ilipokuwa chini ya serikali ya kikomunisti, watu walikusanyika kanisa la Nikolai kila Jumatatu kuombea amani, tangu mwaka 1982. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989 mji ulijaa polisi na askari. Bibi alikuwa muuguzi. Hospitalini waliambiwa waandae damu na vitanda, nao wakajua maana yake. Alipomaliza zamu hakwenda nyumbani. Alikwenda kanisani, akakuta pamejaa, akasimama nje. Watu walipotoka walikuwa na mishumaa. "Mshumaa unataka mikono miwili," alisema, "mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga upepo. Hubaki na mkono wa kushika jiwe." Waliandamana watu wapatao 70,000, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Nikamwuliza kama alikuwa mwamini. Akatikisa kichwa. "Sijabatizwa. Hata leo sijui niseme nini kuhusu Mungu. Lakini usiku ule nilijua kwamba walioko ndani wanaomba, na nilitaka kuwa karibu nao."

Maneno hayo yalinichoma. Mwanamke asiyejua kama anaamini alikwenda kusimama karibu na waombaji, huku akijua huenda vitanda alivyotandika vingemngoja yeye mwenyewe. Mimi niliyebatizwa, niliyepata kipaimara, niliyevalishwa koti na usharika, nilijitenga nao ili nisionekane mshamba mezani.

Tuliporudi nyumbani mama alipasha moto supu ya viazi. Kabla hawajashika vijiko nikamwambia yule kijana, "Jana nilikudanganya. Ulipouliza kama ninaamini niliona aibu. Ninaamini. Hata fedha za koti langu zilitoka kwa watu wanaoamini." Uso uliniwaka moto. Bibi akauliza nimesema nini, akatafsiriwa. Akaweka kijiko chini.

"Basi omba," alisema. "Kwa lugha yako."

Niliomba kwa Kiswahili, sauti ikitetemeka. Nilishukuru kwa supu na kwa nyumba ile, kwa watu waliotoka kanisani na mishumaa, na kwa mama wa ndizi. Nikaomba msamaha. Nilipofumbua macho baba alikuwa akiangalia bakuli lake, na mama alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi akasema "Amen". Katika sala yote ile ndilo neno pekee alilolielewa.

Sitaki kukudanganya, mpendwa msomaji, kwamba familia ile iliokoka. Sijui Mungu alifanya nini nao, wala si kazi yangu kujua. Ninajua kwamba kila jioni iliyobaki bibi hakugusa chakula mpaka niombe. Na siku ya kuondoka nilipomwambia "Shikamoo", akajibu "Marahaba" kama nilivyomfundisha, akanifunga koti mpaka shingoni.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi niliitwa mbele nitoe salamu. Watu walitaka kusikia habari za ndege. Niliwaeleza za ndege, kisha nikawaeleza ile jioni ya pili, nikilia. Baada ya ibada yule mama mjane alinifuata. Nilijua atanikemea. Akanishika mkono akaniuliza, "Lakini mwishowe uliomba?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasema, "Basi ndizi zangu zilifika."

Wengi wetu tutasafiri, au tutaona watoto wetu wakisafiri, kwenda masomoni, kazini, au mjini tu ambako hakuna anayetujua. Tunawaonya juu ya majaribu makubwa. Tuwaonye pia juu ya swali dogo linaloulizwa kwa upole mezani. Na aliyekwisha kushindwa asikate tamaa. Petro aliyekana akiota moto wa makaa, Bwana alimngoja ufukweni, kando ya moto mwingine wa makaa, na chakula kikiwa tayari.