Mlio Chini ya Gari: Njia ya Soni hata Mombo



Mji wa Lushoto umekaa katika milima ya Usambara, mahali pa baridi na miti mirefu, kimo chake kama mita 1,400 juu ya bahari. Wadachi walipoitawala nchi hii waliuita Wilhelmstal. Mombo iko chini, katika nchi tambarare yenye joto, na reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905. Kati ya miji hii miwili ni mwendo wa kilomita 33 hivi tu, lakini katika mwendo huo mtu hushuka karibu mita 1,000. Barabara ni ya lami, nyembamba, yenye kona nyingi. Upande mmoja pana ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Soni iko katikati ya njia, penye maporomoko ya maji, na kutoka hapo mteremko ni mkali.

Gari lishukalo huko hutegemea vitu viwili: gia ndogo na breki nzima. Dereva mwenye akili huacha injini ilizuie gari, wala hakanyagi breki muda wote. Kwa maana breki isiyopumzishwa hupata moto, na ikipata moto mwingi nguvu zake hupungua.

Mwezi wa Novemba 2018, wakati wa mvua za vuli, nalisafiri kwa gari dogo la abiria kutoka kijiji kimoja cha milimani. Katika njia ya mawe, kabla hatujafika Soni, tukasikia mlio wa chuma chini ya gari, kama sufuria mbili zigonganazo. Mmoja akasema ni springi, mwingine akasema ni gia boksi. Kila abiria akawa fundi. Dereva, kijana mtulivu, hakubishana na mtu. Alipofika Soni akasimama mahali pa tambarare, akamwendea fundi mzee mwenye gereji kando ya barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mlio huo huja lini? Gari likisimama, upo? Likipita shimo, huzidi? Ukikata kona, hubadilika? Na ukikanyaga breki, je?"

Dereva akajibu, "Hata nikisimama, mzee, nikikanyaga mafuta husikika."

"Basi huo hautoki magurudumuni, maana hayazunguki. Tutazame bomba la moshi."

Akaweka mawe kwenye magurudumu, akangoja bomba lipoe, ndipo akaingia uvunguni. Kishikio cha bomba kilikuwa kimekatika, nalo likawa linagonga chasisi. Akalifunga kwa waya mnene. Injini ikawashwa, kukawa kimya.

Abiria wakafurahi. Mama mmoja aliyetaka kuliwahi basi la Dar es Salaam huko Mombo akasema, "Twendeni, baba, basi litaniacha." Lakini mzee akamwambia dereva aendeshe polepole, naye akatembea kando yake, ameinama, akisikiliza. Ndipo akasikia mlio mwingine, mdogo, wa kusaga, ukifuata mzunguko wa gurudumu la mbele la kushoto. Breki ilipokanyagwa, ukazidi. Mlio huo kelele ya bomba ilikuwa imeufunika.

Gurudumu likafunguliwa. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kikisaga chuma, hata diski imechorwa mistari. Mzee akamwonyesha yule mama kipande kile, akasema, "Mama, bomba lile lingekupigia kelele mpaka Mombo usipate dhara. Hiki kina sauti ndogo, nacho ndicho kinachoshika gari mteremkoni."

Mama akaketi chini, asiseme neno. Mtu akatumwa Lushoto kwa pikipiki kuleta pedi mpya, tukangoja saa tatu. Zikafungwa magurudumu yote mawili ya mbele, kwa kuwa pedi mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huvuta gari kando. Basi likamwacha mama. Akalala Mombo, akaendelea na safari asubuhi.

Wasomaji, hasa walimu na wazazi msafirio na watoto, si lazima mjue ufundi ili kumsaidia fundi. Mwambieni mlio huja wakati gani. Ukigonga penye mashimo, huenda ni springi, shokapu au bushi. Ukigonga gia inapoingia au gari linapoondoka, mara nyingi ni krosi ya propela. Ukivuma kwa kufuata mwendo, na kubadilika konani, ishukieni beringi ya gurudumu. Ukianza ghafula baada ya njia ya kokoto, pengine ni kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bamba lake. Lakini ukisaga breki inapokanyagwa, msiendelee na safari kabla haijatazamwa. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, kwa kuwa jeki huweza kuteleza.

Na mlio mmoja ukiisha kutengenezwa, sikilizeni tena kabla ya kuondoka.