Kiitaliano cha Jikoni

Malindi, Kiitaliano hakisomwi, kinaokotwa. Mtoto anakiokota ufuoni, kwenye vibanda vya vinyago, nje ya duka la aiskrimu. Ukimsikia muuzaji akisema "ciao, amico", usidhani alikaa darasani. Wateja ndio walimu wake. Waitaliano walianza kuonekana kwetu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni. Setilaiti moja iliyoruka kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliitwa Uhuru. Halafu zikaja hoteli, nyumba za kifahari, na kazi za kuzitunza nyumba hizo.

Kazi moja aliipata Baba. Ni mpishi kwa Signora mmoja, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kukanda unga wa tagliatelle anajua, pesto anaitwanga kwa kinu, na vyombo vyote vya jikoni anavitaja kwa Kiitaliano. Kwa hiyo nilipokichagua chuoni Nairobi, watu wa nyumbani walicheka: ati unalipa karo usome kitu ambacho baba yako analipwa kukizungumza?

Mwaka wa kwanza nilikubaliana nao. Salamu, rangi, saa, vyakula, yote ninayo. Shughuli ilianza mwaka wa pili, daraja la kati, pale lugha inapoacha kuwa majina ya vitu.

Kwanza ni masikio. Kiswahili hakina desturi ya kukaza konsonanti, Kiitaliano kinayo, na maana inaning'inia hapo. Pala ni sepetu, palla ni mpira. Nono ni wa tisa, nonno ni babu. Mwalimu alitufanya tupige meza kwenye kila konsonanti mbili, mpaka darasa la jirani likalalamika.

Halafu congiuntivo, ambayo wenzangu waliiogopa kama mtihani wa hesabu. Walikuwa wanaipitia kwa Kiingereza, na Kiingereza hapo hakiwasaidii sana. Mimi nilipita kwa Kiswahili. Sisi tunasema "anaandika", lakini "nataka aandike". A ya mwisho inageuka e. Muitaliano anasema "scrive", lakini "voglio che scriva". Naye anageuza vokali ya mwisho. Ila yeye anaenda mbele zaidi: hata akidhani tu, akiwa na shaka, kitenzi kinageuka. Shaka ina sarufi yake. Niliipenda sana hiyo.

Kisha tukafika kwenye Lei. Mtu unayemheshimu humwambii "tu", yaani wewe. Unamwambia Lei, neno lile lile la "yeye" wa kike, na kitenzi kinafuata. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilijaribu kulipiga marufuku, watu watumie Voi badala yake. Utawala ule ulianguka, Lei ikabaki. Mwalimu alieleza pia kwamba Waitaliano wengi wakizungumza na mgeni wanayedhani hajui lugha, huacha kunyambua vitenzi. Ni kama mtu akwambie, "Wewe kuleta samaki. Wewe kusafisha vizuri."

Kalamu yangu ilisimama. Hicho ndicho Kiitaliano cha Baba. "Domani io venire presto," ndivyo anavyosema, mimi kesho kuja mapema. Siku zote nilidhani ni ulimi wake. Kumbe alirudisha kile alichopewa: miaka kumi na tisa ya "tu portare, tu pulire", bila Lei hata moja, bila shaka, bila "ningependa".

Likizo ya Agosti, tukiwa tumekaa barazani, aliniuliza tunasoma nini siku hizi. Nikamweleza habari ya Lei, nikichagua maneno, nisimuumize.

"Hiyo naijua," alisema. "Wageni wake wakija, huwaambia hivyo. Hasa wenye mvi."

Akakipapasa kichwa chake. Nilimjua Baba mwenye mvi tangu nikiwa darasa la sita.

Tulinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na kuomba kitu kwa heshima, mnasemaje?" Nikamwambia ni vorrei. Ni ile -nge- yetu: ningependa. Akataka sentensi nzima. Sheria ya kazi ya Kenya inampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka, na malipo yake, naye hajawahi kupewa zaidi ya Krismasi na Idi. Tukaiandika nyuma ya risiti ya tokeni za stima: "Signora, vorrei parlarLe delle mie ferie." Ningependa kuzungumza nawe kuhusu likizo yangu. Alifanya mazoezi siku tatu, akipiga goti kwa kidole kwenye zile r mbili.

Jumatatu alikwenda nayo. Jioni alirudi, akavua viatu, akanywa maji, hana haraka.

"Amenipa siku kumi na nne."

"Alikujibu vipi?"

"Alinitazama kwanza. Halafu akajibu polepole, vitenzi vyote vimekamilika." Akakaa. "Sasa niambie. Zimebaki siku saba, wanasemaje?"

"Mancano sette giorni," nikamwambia. "Sette ina t mbili."

Akairudia, akizikaza zote mbili.