Umeme wa Gari Si wa Bure

Wako wapenzi wa magari wanaofungua mkanda wa alternata ili injini ipunguziwe mzigo na petroli isalie. Hoja yao si ya kupuuzwa: injini hugeuza takriban robo tu ya nishati ya petroli kuwa mwendo, na alternata hupoteza nyingine kabla umeme haujafika kwenye betri. Lakini katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Tena betri ikiisha usiku, taa huzimika. Mimi nimeuacha mkanda, nikatumia paneli ya sola na kidhibiti chake kuijaza betri mchana gari likiwa limeegeshwa. Alternata hubakiwa na kazi ndogo. Akiba ni haba, ila jamaa zangu hufika nyumbani taa zikiwaka.