Mwachie Mwenzako Kibodi

Kilosa

Mpwa wangu,

Mama yako huko Mikumi hajambo. Nimesoma malalamiko yako: kundi la watu watano, programu unaandika wewe, wengine wanaitikia "sawa" WhatsApp, na siku ya kukusanya kazi majina yote matano yamo. Pole. Ila lawama nyingine ni zako. Mtu ukimnyang'anya kibodi kila anapokosea, atajifunzia wapi?

Ulinieleza kwamba wapo waandishi wa programu wanaokaa wawili kwenye kompyuta moja: mmoja anaandika, mwingine anasoma, anauliza, anakosoa, kisha wanabadilishana. Basi anza wewe kuwa msomaji. Aandike yule asiyejua. Mikono itakuwasha, najua. Lakini akikuuliza "kwa nini hapa tumeweka hivi?" ukababaika, utagundua nawe ulikuwa umekariri tu.

Halafu hiyo Git, programu ya kutunza mabadiliko ya kazi yenu, aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 ili watu waliotawanyika duniani waandike Linux pamoja. Mzee wa stesheni kama mimi lazima niipende. Kwenye reli ya njia moja, treni haitoki Kilosa kwenda Kimamba mpaka wa Kimamba wakubali, na kila ruhusa inaandikwa kitabuni. Git nayo inaweka kumbukumbu: nani kabadili mstari upi, lini. Tofauti ni kwamba ninyi mnaruhusiwa kuingia njia moja wote wawili. Mkigongana, Git inasimama na kuwataka mwamue mstari wa nani ubaki. Msiamue kwa ubabe, wala usikubali tu ili yaishe. Kaeni mbishane kwa hoja. Nadhani pale mtajifunza zaidi kuliko darasani. Na kumbukumbu hizo zisiwe rungu la kumshtakia mwenzako kwa mhadhiri.

Tena Git haidai intaneti muda wote. Bando likikuishia Mikumi, unaandika na kuhifadhi humo humo kwenye kompyuta yako, ukipata mtandao unapandisha. Kutumiana mafaili yanayoitwa "mwisho" na "mwisho kabisa" kuacheni. WhatsApp ibaki ya salamu.

Yule binti uliyesema haongei kundini, likizo njoo naye. Treni ya umeme kutoka Dodoma itawashusha Kilosa, mtakula kwangu, kisha mtapanda gari kwenda kwa mama yako. Ila kompyuta leteni moja tu.

Mjomba wako