Mama wa saiba na menyu ya GRUB

Wasomaji wangu, hii inanihusu. Saiba moja ya Karatina niliiwekea Ubuntu mwenyewe, nikarudi Nyeri nikijisifu. Juzi mama mwenye saiba akanipigia: mashine ya hesabu imekataa nywila yake.

Kijana fulani aliizima, akaiwasha akishikilia Shift, na kwenye menyu ya GRUB akachagua recovery mode, yaani hali ya mtumiaji mmoja. Ubuntu humwacha root bila nywila, kwa hiyo hapo huulizwi chochote. Akaandika passwd na jina la mama, basi. Nami niliirudisha kwa njia hiyo hiyo, dakika 2 tu. Aibu yangu.

Kisha nikafanya nililopaswa kufanya mwanzoni. Nilitengeneza nywila kwa grub-mkpasswd-pbkdf2, nikaiweka ndani ya /etc/grub.d/40_custom pamoja na set superusers. Ukiishia hapo, GRUB itadai nywila kila stima ikirudi, na mama hashindi hapo. Ndiyo maana watu huongeza --unrestricted kwenye CLASS ya 10_linux. Sasa chunga: hilo linaifungua recovery mode pia! Weka GRUB_DISABLE_RECOVERY="true" ndani ya /etc/default/grub, halafu update-grub.

Nikaweka nywila ya BIOS pia, mtu asije na flashi.

"Na akija na bisibisi?" mama akauliza.

Nikamweleza kusimba diski kwa LUKS, na kwamba itabidi aandike nywila kila mashine inapowaka. Akasema atanunua kufuli.