Kile Chumba cha Pili

Tulipohamia Tabata miaka minne iliyopita, kile chumba cha pili kilikuwa na jina tayari: cha mtoto. Nilikipaka rangi mwenyewe, nikanunua na pazia. Mtoto hakuja. Tukazoea kuufunga ule mlango, na tukazoea kutoliongelea jambo lenyewe.

Basi siku moja natoka kazini, nakuta mlango uko wazi. Mume wangu kaingiza meza, kompyuta, spika mbili, gitaa lake kavu na maiki kwenye stendi. Eti studio! Sijui wewe mwenzangu ungefanyaje. Mimi nilisema "hongera", nikaenda kulala bila kula.

Nina digrii ya mawasiliano, na mshahara wangu unatokana na kunyoosha maneno ya watu. Lakini kwa wiki kadhaa nilishindwa kumwambia mwanaume ninayelala naye kwamba ameniumiza.

Kilichoniingiza mle ndani ni kero. Gitaa lilikuwa linasikika kama linapigwa bafuni. Usiku mmoja uvumilivu ukanishinda. "Mbona sauti ya chooni hivi?" Akacheka. Akanieleza kwamba kuta tupu zinarudisha sauti, na maiki inazoa kila kitu. Tukaburuta godoro la wageni, tukalisimamisha nyuma ya kiti chake, na pembeni tukatundika blanketi zito. Halafu ile maiki alikuwa ameielekeza kwenye tundu la gitaa, ndiyo maana lilinguruma. Tukaisogeza hadi pale shingo inapokutana na mwili, kama sentimita 30 hivi. Yaani hata mimi nisiyejua kitu nilisikia tofauti.

Kosa lake jingine lilinichekesha. Alitaka gitaa lijae masikioni, kwa hiyo akanakili kipande kilekile, kimoja kushoto, kingine kulia. Wapi! Sauti iliongezeka tu, ikabaki imekaa katikati, kwa sababu masikio yote mawili yanapata kitu kimoja. Ikabidi apige upya mwanzo mpaka mwisho. Mtu hawezi kurudia mapigo yake sawasawa, na vitofauti hivyo vidogo ndivyo vinavyotanua muziki. Wapenzi wa dansi la zamani, la kina Mbaraka Mwinshehe, wanajua utamu wa magitaa yanayopeana nafasi.

Kwenye kumiksi ndipo nilipofaa. Yeye anaongeza, mimi nakata. Kule chini kabisa, kwenye hezi 80 kushuka, gitaa lilikuwa linagombana na besi bila faida. "Toa," nikamwambia, kama ninavyowaambia waandishi wangu. Akatoa, kukawa na hewa.

Tukawa tunasikiliza kipande kimoja kimoja. Kwenye gitaa la kushoto, kabla halijaanza, nikasikia sauti ya mwanamke kwenye hedifoni: "Hulali wewe?" Ilikuwa yangu, kali kweli. Kisha mlango, paa! Kisha kimya kirefu, na mtu anavuta pumzi kama anayejizuia kulia.

Nikavua hedifoni. "Hii lini?"

"Usiku ule tuliopata majibu ya vipimo."

Nilidhani usiku ule nililia peke yangu.

"Mbona hukuniuliza kabla ya kuleta vitu humu?"

"Ningekuuliza nini, mke wangu? Kila nikipita ule mlango nilikuwa nashindwa kupumua."

Nikamwambia na mimi. Hasira, pazia, yote. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi nilichelewa kikao cha wahariri, nikasingizia foleni.

Kipande kile hajakifuta. Amekizima tu ili kisisikike kwenye wimbo, na sijamwomba akifute. Pazia langu bado lipo dirishani, linasaidia kidogo na mwangwi. Wimbo wenyewe haujaisha. Gitaa la kulia anasema halijamridhisha, Jumamosi analipiga tena, na amenitaka nikae na hedifoni.